Mtoto Anayeziba Masikio Kanisani: Tiba kwa Vitendo na Mahitaji ya Hisia



Katika toleo hili tunapenda kujibu swali ambalo wajumbe wa kamati za parokia wamekuwa wakituuliza, hasa wale wa Mgololo na vijiji jirani. Kwa nini baadhi ya watoto wenye usonji, au wale ambao ubongo wao hufanya kazi kwa namna tofauti na wengi wetu, hupiga kelele, hukimbia au hugonga vichwa vyao wakiwa katikati ya watu, wakati nyumbani walikuwa wametulia? Wafadhili wetu nao wameuliza swali lao: tununue nini ili tuwasaidie watoto hawa? Tumeona tuyajibu maswali hayo pamoja, kwa sababu ukilielewa la kwanza, la pili hubadilika.

Tuchukue mfano. Tumeuunganisha kutokana na mambo ambayo wazazi wengi husimulia, hivyo asitafutwe mtoto mmoja. Mvulana wa miaka saba anakuja kanisani na mama yake Jumapili ya mwezi Februari. Kanisa la kigango limeezekwa bati na halina dari. Mvua inaanza kunyesha juu ya bati, na kwaya inapandisha sauti ili isizidiwe na mvua. Kinanda kimeunganishwa na spika mbili, na mama na mtoto wamekaa mbele ya moja ya spika hizo kwa kuwa walichelewa na nafasi nyingine zilikuwa zimejaa. Mtoto amevalishwa shati la mtumba lenye lebo ngumu shingoni. Unafika wakati wa kutakiana amani, na mikono kumi inamjia kutoka kila upande, mingine ikimshika kichwani. Mtoto anaziba masikio, anapiga kelele, anajitupa chini. Mama anamnyanyua na kutoka naye nje kwenye mvua.

Jumapili inayofuata hawaji. Baada ya mwezi mmoja jumuiya inaulizana mbona mama fulani haonekani, na yeye anajibu kwamba mtoto anaumwa. Ukweli ni kwamba ameshasikia maneno ya kutosha. Mmoja alimwambia mtoto amedekezwa, achapwe. Mwingine alimwambia ni pepo. Wa tatu alinong'ona kwamba familia imerogwa. Hakuna aliyeuliza kama shati lilikuwa linamwasha.

Milango ya fahamu si mitano tu

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Wataalamu huongeza mingine ambayo hatuitaji kila siku ingawa tunaitegemea. Kuna hisia ya mwendo na mizani ya mwili, ambayo chombo chake kiko ndani ya sikio. Ndiyo inayotuwezesha kuvuka daraja la gogo bila kuanguka. Kuna hisia ya misuli na viungo, inayotuambia mkono uko wapi hata gizani, na ni nguvu kiasi gani itumike kubeba yai au ndoo. Na kuna hisia za ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, joto, baridi.

Habari zote hizo huingia kwenye ubongo kwa wakati mmoja, na kazi ya ubongo ni kuzichambua. Wewe unayesoma makala hii pengine ulikuwa huisikii nguo iliyo mgongoni mwako mpaka tulipoitaja. Ubongo wako uliiweka kando. Kwa watu wengi wenye usonji, na pia kwa baadhi ya wale wenye shida ya kutulia na kuzingatia, uchambuzi huo hufanyika kwa namna nyingine. Kuna mtu ambaye sauti ya kawaida humjia kwa nguvu kupita kiasi, na kuna ambaye hisia humjia kidogo mno, hivyo huitafuta: huzunguka, huruka, hutafuna kola ya shati, hujigonga. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, akakimbia mlio wa mashine ya kukoboa na papo hapo asisikie maumivu ya kidonda mguuni. Jambo hili huwachanganya wazazi. "Kama ana masikio makali hivyo, mbona nikimwita haitiki?" Inawezekana sauti ya mama imefika pamoja na ya jogoo, ya redio na ya lori la magogo barabarani, na ubongo haukuweza kuitoa hiyo moja kati ya nyingine.

Hili si jambo lililobuniwa juzi. Daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ambao maelezo yao ndiyo yaliyoujulisha ulimwengu usonji, alieleza hofu ya baadhi yao kwa sauti kubwa. Mmarekani A. Jean Ayres (1920–1988), mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia, alichunguza namna ubongo unavyounganisha hisia na kuzitumia, na kitabu chake juu ya hisia na matatizo ya kujifunza kilitoka mwaka 1972. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2013 ndipo mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unaotumika katika nchi nyingi, ulipoweka waziwazi tofauti za hisia miongoni mwa dalili za usonji.

Mgololo ina hisia zake pia. Malori ya magogo hupita, mashine za mbao hulia, na kiwanda cha karatasi kilichojengwa miaka ya 1980 kiko jirani. Viwanda vinavyopika vipande vya miti kwa dawa zenye salfa, popote duniani, hutoa harufu inayofanana na ya mayai viza. Mwenyeji huizoea asiisikie tena. Mtoto ambaye pua yake haizoei anaweza kukataa kula siku upepo unapogeuka, na mama akadhani ni jeuri. Ongeza baridi ya Juni na Julai, ambapo watoto huvalishwa sweta za sufu zinazowasha.

Mtaalamu hufanya nini

Jina "tiba kwa vitendo" huwapoteza watu. Wengine hudhani ni kumtafutia mgonjwa ajira, wengine huichanganya na mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanza na kazi za maisha ya kila siku: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kucheza, kusoma, kulala, kusali pamoja na wengine. Huuliza ni ipi kati ya hizo inamshinda mtu huyu, kwa nini inamshinda, na nini kibadilishwe. Mara nyingi kinachobadilishwa ni mazingira au namna ya kufanya kazi yenyewe, si mtoto. Hapa Tanzania wataalamu hawa hufundishwa KCMC, Moshi, na bado ni wachache mno kwa nchi kubwa kama yetu.

Kabla ya yote, mtoto apelekwe hospitali. Mtoto anayejipiga sikio anaweza kuwa na usaha ndani yake. Anayekataa chakula anaweza kuwa na jino bovu. Anayekula udongo apimwe damu. Anayekodoa macho na kupotea kidogo apimwe kifafa. Tunalisisitiza hili kwa sababu hata neno "hisia" linaweza kuwa kisingizio kipya cha kutomtibu mtoto, kama lilivyokuwa neno "pepo". Kuhusu maombi, hatuoni ugomvi wowote kati yake na tiba. Anayemwombea mtoto amwombee kwa sauti ya chini, asimshike kwa nguvu, na asimwambie mama aache kliniki.

Baada ya hapo mtaalamu huketi na mzazi. Humwomba aandike, au amwambie kaka au dada wa mtoto aandike, kwa siku saba: tukio lilitokea saa ngapi, nini kilitangulia, palikuwa na sauti gani, harufu gani, nani alimgusa, mtoto alitulizwa na nini. Ni jambo dogo, lakini daftari hilo huonyesha mambo ambayo mzazi aliyechoka hawezi kuyakumbuka. Huenda ikaonekana kwamba ghasia karibu zote hutokea jioni, wakati wa kuoga maji ya baridi yanayomwagwa kichwani kwa kopo. Hapo dawa ni maji ya uvuguvugu, kuanza na miguu, kumweleza kabla ya kumgusa, na kumkausha kwa kitambaa kwa mkono wenye uzito, kwa kuwa mguso mwepesi huwasumbua wengi wao kuliko wa nguvu.

Bibi zetu walijua sehemu ya elimu hii bila kuiita jina. Mbeleko iliyofungwa vizuri humbana mtoto mwili mzima na kumtikisa taratibu kwa hatua za mama, na mtoto hulala. Kazi za kusukuma, kuvuta na kubeba huwatuliza watoto wengi wanaotafuta hisia za misuli: kutwanga, kubeba ndoo ndogo ya maji, kukokota kuni, kupalilia. Mwalimu anaweza kumtuma mtoto kama huyo apange madawati au abebe rundo la madaftari kabla ya somo linalotaka utulivu. Bembea ya kamba mtini, ikifungwa vizuri na mtu mzima akiwepo, huwafaa wanaopenda mwendo. Lakini wengine huiogopa mno, nao wasilazimishwe.

Kulazimisha ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi. Watu wema kabisa husema, "Mkalisheni karibu na spika, atazoea." Hazoei; anachojifunza ni kwamba kanisa ni mahali panapouma. Kumzoesha kunawezekana, ila kwa hatua ndogo na kwa hiari yake: leo anafika mlangoni kabla ya watu, wiki ijayo anakaa kwa wimbo mmoja kisha anatoka.

Kanisani na darasani

Kwa kigango kisicho na fedha tunaanza na benchi. Benchi moja karibu na mlango wa pembeni, mbali na spika, liwekwe kwa ajili ya familia hizi, na viongozi wa jumuiya wajue kwamba mtoto akitoka na kurudi mara tatu hakuna anayegeuza shingo. Wakati wa kutakiana amani, anayetaka kumsalimu mtoto anyooshe kiganja na kusubiri. Mtoto asipokipokea, kuinamisha kichwa kunatosha. Kwaya inaweza kuambiwa igeuze spika. Tunajua kuiambia kwaya ipunguze sauti si jambo dogo, na tunawaachia makatekista namna ya kulifikisha.

Gharama kubwa zaidi, na yenye faida kwa wote, ni dari. Bati tupu wakati wa masika humzuia kila mtu kusikia mahubiri, si mtoto mwenye usonji peke yake. Mahali palipo na mbao nyingi kama Mufindi, dari haipaswi kuwa ndoto. Darasani hali ni hiyo hiyo, na pengine ngumu zaidi kwa wingi wa watoto. Mtoto akae pembeni ukutani, si katikati ambako anaguswa pande zote. Kengele ya rimu ya gari isigongwe dirishani pake. Aambiwe kabla kengele haijalia. Apewe kadi yenye picha ya mlango, ambayo akiinyanyua mwalimu ajue anahitaji kutoka kidogo. Kwa mtoto asiyezungumza, kadi hiyo ni bora kuliko kulia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka watoto hawa wasome pamoja na wenzao, na mzazi anayeambiwa "huyu hafai shule" ana haki ya kuuliza kwa sheria ipi.

Vifunika masikio kama vile vya wakataji miti wanaotumia misumeno ya mashine huwasaidia wengi. Vivaliwe kwa muda wa kelele tu, si kutwa nzima, maana mtoto anahitaji pia kusikia mazungumzo na hatari za barabarani.

Vijana wanapokua

Watoto hawa hukua, na kamati nyingi huwasahau wakishapita umri wa shule. Kwenye vitalu vya miche kuna kazi nyingi ambayo kijana mwenye usonji anaweza kuifanya vizuri kuliko sisi, kwa kuwa wengi wao hupenda jambo linalojirudia kwa utaratibu: kujaza udongo kwenye viriba, kuvipanga kwa mistari, kuhesabu. Asiyevumilia udongo mbichi mikononi apewe glavu au kopo la kuchotea. Kwa kijana asiyehisi maumivu ipasavyo, mashine ya kupasua mbao si mahali pake, hata kama ana nguvu na mwajiri anamtaka.

Mjini Iringa upo mfano wa kazi kumfuata mtu. Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, uliwapa kazi za mikono watu wenye ulemavu, na katika mgahawa wake wahudumu viziwi walipokea maagizo ambayo wageni waliyaandika kwenye karatasi. Hawa si watu wenye usonji, lakini hatua ni ile ile: mgeni ndiye aliyebadilisha namna ya kuagiza chai, na mhudumu akabaki na kazi yake.

Kwa wafadhili wetu

Sasa tunawageukia ninyi mliotuuliza kuhusu vifaa. Tumepokea kwa shukrani wazo la kujenga chumba cha hisia chenye taa za rangi, mipira mikubwa na mablanketi yenye uzito, kama vilivyo katika shule za Ulaya. Tunaomba tusianze na hicho. Tumewahi kuona mahali fulani vifaa vizuri vimefungiwa stoo miaka miwili kwa sababu aliyejua kuvitumia alihamishwa, na mwenye ufunguo aliogopa visiharibike. Zaidi ya hayo, mtoto hali, haogi wala hasomi ndani ya chumba hicho. Anaishi katika nyumba ya kwao.

Tunapaswa pia kuwaambia ukweli kuhusu tiba yenyewe. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza kwamba utafiti juu ya tiba za hisia bado ni mdogo, na kikashauri ziwe na lengo linaloonekana na muda wa kupima kama zinafaa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mablanketi yenye uzito hayakuwaongezea watoto wenye usonji muda wa kulala, ingawa wazazi na watoto waliyapenda. Nchini Kanada mtoto mwenye usonji alifariki mwaka 2008 akiwa amefungwa ndani ya blanketi la namna hiyo. Kwa hiyo hata mfuko wa maharage tunaoushonea watoto wauweke mapajani uwe mwepesi, mtoto aweze kuuondoa mwenyewe, usiwekwe kifuani wala kichwani, na asilale nao.

Tunachoomba ni nauli na posho ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo afike Mgololo kila robo mwaka, akae siku tatu, atembelee nyumba na darasa badala ya kuwangoja watu kliniki. Familia yenye mtoto anayeogopa mlio wa basi haiwezi kusafiri naye hadi Iringa mjini kila mwezi. Tunaomba mafunzo kwa walimu wawili na mama wawili katika kila kigango, kwa kuwa mtaalamu ataondoka na wao watabaki. Na tunaomba dari. Katika taarifa zetu hatutawaandikia ni watoto wangapi "wamepona", kwa sababu usonji si homa. Tutawaandikia nani sasa anakaa darasani hadi saa nne, nani anaoga bila ugomvi, na mama gani amerudi kwenye jumuiya.

Kwa kamati: kabla ya ziara ya kwanza, tunawaomba mpite nyumba kwa nyumba kwa upole, bila daftari la majina mkononi mwanzoni, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa wamefichwa na wazazi wao wana aibu. Atumwe mama aliyewahi kulea mtoto mwenye ulemavu. Kiongozi wa kamati afuate baadaye akialikwa. Siku ya ziara kila mzazi aje na kadi ya kliniki na maandishi yake ya siku saba. Daftari la kawaida la kurasa 40 linatosha, na asiyejua kuandika anaweza kuchora jua linapochomoza, linapokuwa utosini au linapozama, kisha atasimulia.